Je, Wajua? Kura 72 Zilizomuua Robin

Je, wajua kwamba Robin, yule kijana msaidizi wa Batman, aliuawa kwa kura? Mwaka 1988 kampuni ya DC ya Marekani ilichapisha namba mbili za simu kwenye kitabu chake cha katuni: piga hii Robin apone, piga hii Robin afe. Kila simu senti 50, na muda wa kupiga ni saa 36 tu. Kura 5,343 zilisema afe, kura 5,271 zikasema apone. Kura 72, ndugu yangu! Wapo wenyeviti wa mtaa walioshinda kwa pengo kubwa kuliko hilo.

Unauliza mtoto wa watu alikosa nini? Sogea nikwambie. Robin huyo, jina lake Jason Todd, alipoingia mwaka 1983 alikuwa yatima wa wanasarakasi, karibu sawasawa na Robin aliyemtangulia. Mwaka 1987 waandishi wakafuta historia yote hiyo na kuanza upya: sasa ni mtoto wa mtaani, na Batman anamfumania akifungua magurudumu ya gari la Batman mwenyewe! Jina lile lile, nguo zile zile, tabia ya mtu mwingine kabisa. Mashabiki hawakumsamehe.

Na wajua kwamba miisho yote miwili ilichorwa? Mchoraji Jim Aparo alitayarisha kifo, akatayarisha na uzima, kwa sababu hakuna aliyejua wapigaji simu wataamua nini. Kurasa za uzima zilikaa miaka mingi bila kazi. Mwaka 2023 DC ikachapisha toleo la pili la kitabu kile kile, ambamo kijana yu hai.

Mashabiki walikuwa na msemo wao: katika vitabu hivi hakuna anayekufa akafa kweli, isipokuwa watatu, yaani Jason Todd, Bucky wa Captain America na Ben, mjomba wake Spider-Man. Basi shika kiti. Mwaka 2005 Jason Todd akarudi. Mwaka huo huo Bucky naye akarudi! Kaburini amebaki Mjomba Ben peke yake, na mimi nisingekula kiapo juu yake.

Hulk wa kijani unamjua, sivyo? Je, wajua kwamba alizaliwa kijivu? Toleo la kwanza la Mei 1962 lilimpaka kijivu, lakini mitambo ya kuchapia ikashindwa kuishika rangi hiyo: ukurasa huu kakolea, ukurasa ule kapauka, mahali pengine kaingia ukijani. Mwandishi Stan Lee wa kampuni ya Marvel akaona isiwe tabu. Toleo la pili likatoka Hulk ni kijani, bila hata sentensi moja ya kueleza kilichompata!

Iron Man naye hivyo hivyo. Machi 1963 alitoka na chuma cha kijivu, kinatisha kama tangi la maji. Toleo lililofuata tu, ni dhahabu kutoka utosini hadi kidoleni. Wekundu tuliouzoea ulikuja kabla mwaka haujaisha. Rangi tatu ndani ya mwaka mmoja!

Hebu soma majina haya kwa sauti: Peter Parker, Bruce Banner, Reed Richards, Matt Murdock. Umesikia? Stan Lee aliyapa majina mawili ya kila mmoja herufi moja ya kuanzia ili asiyasahau, maana alikuwa akiandika vitabu vingi kwa wakati mmoja. Na bado alisahau! Mwaka 1963, katika toleo la kwanza la kitabu cha Spider-Man chenye jina lake, Peter Parker anaitwa Peter Palmer. Mwaka 1964 Bruce Banner, yaani Hulk, akaitwa Bob, tena mara kadhaa katika kitabu kimoja.

Wasomaji wakamvaa kwa barua. Lee akajibu pasipo haya: basi jina lake kamili ni Robert Bruce Banner. Kwisha! Kosa likageuka cheti cha kuzaliwa, na mpaka leo ndilo jina rasmi la Hulk.

Sasa hapa ndipo penye uhondo. Barua za kulalamikia makosa zilipozidi, Marvel wakaanzisha zawadi kwa msomaji anayegundua kosa, na baadaye kwa anayegundua kosa kisha akaeleza kwa nini si kosa. Zawadi yenyewe? Hakuna! Kuanzia mwaka 1967 mshindi alitumiwa kwa posta bahasha iliyoandikwa kwa nje kwamba ndani mna zawadi halisi ya Marvel aliyojishindia, na ndani hamna kitu. Wapo walioandika tena kulalamika kwamba bahasha yao imefika tupu.

Je, wajua kwamba sehemu ya barua ndiyo iliyowakutanisha mashabiki kwa mara ya kwanza? Mhariri Julius Schwartz wa DC alianza kuchapisha barua pamoja na anwani kamili za waandishi wake. Mbishi wa mji huu akaanza kumwandikia mbishi wa mji ule, moja kwa moja. Kufikia mwaka 1961 mashabiki walikuwa na jarida lao wenyewe la kujadili mashujaa, likiitwa Alter Ego.

Mmoja wa vinara wa jarida hilo alikuwa mwalimu wa sekondari wa Missouri aliyekuwa haachi kuandika barua. Jina lake Roy Thomas. Mwaka 1972 akawa mhariri mkuu wa Marvel! Mlalamikaji akakalia kiti cha waliokuwa wakilalamikiwa, na barua za kulalamika zikaanza kumjia yeye.

Unadhani huyo aliwahi mapema? Jim Shooter wa Pittsburgh aliona hadithi fulani za DC ni dhaifu, akakaa chini akaandika na kuchora za kwake, akazituma kwa posta. Zikanunuliwa. Zilipoanza kuchapishwa mwaka 1966 alikuwa na umri wa miaka 14! Lishike jina lake, anarudi sasa hivi na kazi ya kutisha.

Kabla hajarudi, kimoja cha haraka. Novemba 1963 kitabu cha Fantastic Four kilichapisha barua ya kijana wa Bayonne, New Jersey, aliyekuwa akimwaga sifa. Kijana huyo ni George R. R. Martin, yule yule ambaye baadaye riwaya zake zilizaa tamthilia ya Game of Thrones.

Haya, kaa vizuri, tumefika kwa Jean Grey. Mwaka 1980 mwandishi Chris Claremont na mchoraji John Byrne walimpa mwanamke huyu wa kundi la X-Men nguvu zilizomzidi akili, akaizima nyota kwa njaa ya nguvu. Sayari iliyokuwa ikiizunguka ikateketea na wakazi wake bilioni 5. Bilioni tano, ndani ya kurasa chache! Mpango wa watunzi ulikuwa anyang'anywe nguvu zake, arudi nyumbani, maisha yaendelee.

Jim Shooter, ambaye sasa ndiye mhariri mkuu wa Marvel, akasema haiwezekani. Mtu aue bilioni 5 kisha arudi kunywa chai? Kurasa za mwisho zilikuwa zimekwisha kuchorwa. Zikachorwa upya, na Jean akafa mwezini. Mashabiki waliomboleza, wakatukana, wakabishana mwaka hadi mwaka: je, huyu ndiye Jean tuliyemjua, au tabia yake ilipindishwa kwa ajili ya mkasa? Ubishi ulikuwa mkali kiasi kwamba mwaka 1984 Marvel waliuchapa ule mwisho uliokataliwa na kuuza kama kitabu kingine.

Sasa sikia hili. Mwanafunzi mmoja wa chuo, shabiki tu, alikaa na wenzake akajipa swali: Jean angewezaje kurudi bila hatia ya wale bilioni 5? Jibu lake: aliyeua hakuwa Jean. Kiumbe kingine kilichukua sura yake, Jean mwenyewe amelala usingizini chini ya maji ya Jamaica Bay, New York, na hajui lolote. Wazo likapita mdomo kwa mdomo hadi likafika Marvel, na mwaka 1986 Jean akatolewa majini akiwa hai. Mwanafunzi huyo ni Kurt Busiek, ambaye baadaye aliandika vitabu vya Avengers vilivyopendwa sana. Mimi naona jibu lake ni la kijanja kupita kiasi, lakini nani kauliza maoni yangu?

Wa kwetu je? Je, wajua kwamba Storm, malkia wa mvua na radi wa X-Men, mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya? Ndivyo alivyoundwa mwaka 1975: baba Mmarekani mpiga picha, mama Mkenya, utoto wa Cairo, na anapoonekana mara ya kwanza yuko Kenya akiwaletea watu mvua. Dave Cockrum aliyemchora alimpata kwa kuunganisha wahusika kadhaa aliokuwa amewachora pembeni bila kuwatumia.

Na nywele zake! Kwa miaka minane zilikuwa nyeupe, ndefu, zikipepea mgongoni. Mwaka 1983 mchoraji Paul Smith akazinyoa pembeni zote, akaacha mstari uliosimama katikati ya kichwa, na vazi jeusi la ngozi juu yake. Wasomaji waligawanyika papo hapo. Ndani ya hadithi yenyewe msichana Kitty Pryde anamwona na kutoka mbio akilia, basi fikiria hao walionunua kitabu.

Wakanda ya Black Panther nayo ina kesi. Ilitajwa mara ya kwanza mwaka 1966, ikiwa mahali fulani tu Afrika. Ramani za baadaye zikaiweka Afrika Mashariki, pande za Kenya, Uganda na Ethiopia. Kumbe filamu ya mwaka 2018 ikawapa wananchi wake Kixhosa, lugha ya Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka hapo! Jirani wa Turkana anaongea lugha ya Mandela, na mshona viraka wa historia hajapatikana.

Lakini je, wajua kwamba Black Panther karibu atoke na uso nusu wazi? Jalada la kwanza alilochora Jack Kirby lilimwonyesha amefunika sehemu ya juu tu, kidevu na mdomo vikionekana. Likabadilishwa kabla ya kuchapwa, akafunikwa uso mzima.

Huyo Kirby ni mtu wa ajabu, hebu tukae naye kidogo. Mwaka 1966 Stan Lee alimpa wazo la jitu linalokula sayari, akaenda zake. Kurasa ziliporudi, Lee akakuta mtu wa rangi ya fedha anayeruka angani juu ya ubao wa mawimbi! Huyu nani? Kirby akasema jitu kubwa kiasi hicho lazima liwe na mtangulizi wa kulitafutia chakula. Ndivyo Silver Surfer alivyozaliwa, bila mwandishi wake kujua.

Na Kirby huyo huyo, mfalme wa wachoraji, walimfuta uso! Alipohamia DC mwaka 1970 akapewa kumchora Superman, wakubwa wakasema huyu siye Superman wetu. Mwili ukabaki wa Kirby, kichwa kikachorwa upya na Al Plastino, na baadaye na Murphy Anderson. Fungua vitabu vile leo utaona mwenyewe: shingo ya fundi mmoja, uso wa fundi mwingine. Mashabiki wa Kirby hawajawasamehe DC mpaka kesho.

Spider-Man pia alimponyoka. Kirby ndiye aliyejaribu kumchora kwanza, Lee akaona kijana katoka na misuli mingi mno, anaonekana shujaa tangu mwanzo. Kazi ikaenda kwa Steve Ditko, aliyemchora mwembamba, mwoga wa watu, mwenye miwani. Ditko alipoondoka mwaka 1966 akaja John Romita, fundi wa katuni za mapenzi. Alijitahidi kumwiga Ditko, akidhani mwenyewe atarudi, lakini mkono haufichiki: Peter Parker akaanza kuwa mtanashati! Wasomaji wa zamani walinung'unika, na mauzo yakapanda.

Umeona barakoa ya Wolverine, yenye yale masikio meusi marefu? Je, wajua kwamba ni kosa la mchoraji? Mwaka 1975 Gil Kane alichora jalada akaikosea barakoa, akayarefusha. Cockrum, aliyekwisha kuchora ndani kwa mtindo wa zamani, akaona kosa ni zuri kuliko usahihi. Akarudi kurekebisha kurasa zake zote zifanane na jalada!

Hata makucha ya Wolverine hayakuwa yake. Len Wein aliyemwandika mara ya kwanza alikusudia yawe sehemu ya glavu. Mwaka 1976 ikaonyeshwa kwamba yanatoka mwilini, na mwaka 1993 ikaja kwamba ni mifupa yake ya kuzaliwa. Shujaa anavua glavu, anakuta makucha bado yapo!

Superman je? Toleo lake la kwanza la mwaka 1938 liliuzwa senti 10. Mwaka 2024 nakala moja ilinunuliwa kwa dola milioni 6, yaani mara milioni 60 ya bei ya dukani! Na walioumba Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zake zote kwa dola 130. Hundi yenyewe ilikosea hata majina yao, na mwaka 2012 karatasi hiyo peke yake ikanadiwa kwa dola 160,000.

Tena Superman wa kwanza alikuwa haruki angani! Alichupa tu, kiasi cha mita 200 kwa mruko mmoja. Watengenezaji wa filamu za katuni za mwaka 1941 waliona kuchupachupa kunachekesha, wakaomba apae. Akapaa, na hajashuka.

Adui yake Lex Luthor alianza mwaka 1940 na nywele nyekundu kichwa kizima. Mwaka uliofuata akatokea na upara, hakuna maelezo. Miaka ikapita, maswali yakabaki, hadi mwaka 1960 hadithi moja ikafichua: nywele zilipotea kwa sababu ya Superman alipokuwa kijana, na ndiyo asili ya chuki yote. Vita vya karne nzima kwa ajili ya nywele!

Superman alipouawa mwaka 1992 zilinunuliwa nakala zaidi ya milioni 6, lakini wangapi waliziona hesabu za wachoraji? Katika vitabu vinne vya mwisho, kila ukurasa ulikuwa na picha nne, kisha tatu, kisha mbili. Kitabu cha kifo kina picha moja tu kwa kila ukurasa. Kaa nacho, uhesabu.

Green Lantern wa kwanza, wa mwaka 1940, hakuna risasi iliyomweza. Kilichomweza ni mbao! Mwiko wa ugali ungemlaza chini. Aliyemfuata, Hal Jordan, alikuwa hana nguvu mbele ya rangi ya njano. Mwaka 1994 DC wakamgeuza Hal kuwa muuaji, na mashabiki wakaunda chama kabisa, wakachangishana fedha kulipia tangazo gazetini la kutaka arudishwe. Mwaka 2004 akaanza kurudishwa, kwa maelezo kwamba aliingiwa na kiumbe cha hofu. Rangi ya kiumbe hicho? Njano! Swali la zaidi ya miaka 40 likajibiwa humo humo.

Wajua umri wao? Franklin, mtoto wa viongozi wa Fantastic Four, alizaliwa kitabuni mwaka 1968. Ukimtafuta leo utamkuta bado hajafikia utu uzima! Tony Stark, yaani Iron Man, naye alijeruhiwa Vietnam mwaka 1963, na vita ilipozeeka wakaihamishia Afghanistan, yeye akabaki na ujana wake.

Oktoba 1991 kitabu kimoja cha X-Men, kilichochorwa na Jim Lee, mzaliwa wa Seoul, kilitoka na majalada matano tofauti. Zikaenda sokoni nakala milioni 8.1, rekodi ya dunia! Mwaka uliofuata yeye na wachoraji wenzake sita nyota wakaiacha Marvel, wakaanzisha kampuni yao, Image. Mmoja wao, Rob Liefeld, mwaka 1996 alimchora Captain America na kifua kilichotokeza mbele kiasi kwamba mashabiki mpaka leo wanauliza mbavu zimepita wapi.

Na ile chupi nyekundu ya Superman, iliyovaliwa juu ya suruali? DC waliiondoa mwaka 2011. Kelele hazikuisha miaka saba! Mwaka 2018, katika toleo la 1,000 la kitabu kilichomleta duniani, chupi ikarudi mahali pake.

Nimalize na pua. Katikati ya miaka ya 1970 Stan Lee alitazama picha ya Iron Man akashangaa barakoa ilivyo bapa: pua ya mtu inakaa wapi humo ndani? Wasaidizi wakachukua swali kuwa amri, wakambandika Iron Man pua ya chuma. Siku moja Lee akaiona, akauliza nani kaleta kituko hiki. Pua ikang'olewa!